Nilivyoshangilia gari la mwisho mbele ya baba mkwe, Lubumbashi

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe, na chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni mtu wa Mbeya, huku nashughulika na mizigo ya malori. Nina mchumba, Béa, binti wa hapahapa.

Shida ilikuwa baba yake, Papa Ilunga. Hakunikataa, hakunikubali. Nikienda kwao ananipa kiti, ananiuliza barabara ikoje, halafu anawasha redio.

Sasa Jumapili moja mchana akaniita kwenye nganda, ndivyo huku wanavyoziita baa za mtaani, tuangalie Formula One.

Béa akanipa somo: mzee ni mgonjwa wa gari nyekundu. Shangilia nyekundu, mengine nyamaza.

Wakuu, mimi magari nayajua yale ya tani thelathini. Haya yanayotambaa kama mende siyajui.

Nikakuta wazee wamejipanga mbele ya TV, kimya kama wako ibadani. Nikakaa pembeni ya mkwe.

Mbio zikanoga. Mara naona nyekundu iko mbele, nyeupe inaifukuza. Nikaruka juu, nikapiga meza, nikatangaza kwamba tunaongoza.

Wazee wakageuka wote kunitazama.

Papa Ilunga akanivuta shati taratibu. "Mutoto yangu, ile njo ya mwisho."

Kumbe timu moja ina gari mbili! Ile yangu ilikuwa imepitwa mzunguko mzima. Nyekundu yenyewe ya maana ilikuwa ya pili, nyuma ya hiyo nyeupe.

Nikarudi kwenye kiti changu na bia yangu.

Ikabaki mizunguko michache, nyekundu inakaribia kabisa, courant, yaani umeme, ikakatika. Mama mwenye baa akakimbilia jenereta, haina petroli.

Mkwe akampigia mdogo wake, Tonton Kalenga, aliyekuwa anaangalia kwake Kambove. Huyu ni shabiki wa nyeupe, lakini wakati wa shida unamwamini hata adui. Kalenga anasimulia kwenye simu, mzee anaturudishia kwa sauti.

Nyekundu inasogea... imeingia ndani... imepita! Imeshinda!

Nganda ikalipuka. Mama akapiga vigelegele. Papa Ilunga akanikumbatia, akapanda juu ya kreti ya bia.

"Huyu muntu wa Tanzanie iko na chance. Mwisho ya mwezi alete famille yake. Minakubali."

Nikampigia Béa papo hapo. Akalia.

Kabla sijakata simu, umeme ukarudi. Kwenye TV, dereva wa nyeupe yuko juu ya jukwaa anamwaga shampeni. Wetu amesimama chini yake, amenuna.

Na kwenye simu ya mkwe tunasikia Kalenga anacheka mpaka anakohoa.

Wazee wakaanza kesi. Mmoja akasema neno lililotolewa juu ya uongo halina nguvu. Mwingine akasema neno likishatoka mdomoni halirudi, na sote tumesikia. Wakabishana juu ya ndoa yangu kama nimeenda msalani.



Papa Ilunga akamaliza glasi yake, akachukua simu. "Kalenga, neno nilisha sema. Mwisho ya mwezi utakuya. Njo weye utapokea bageni, na utavaa rouge tupu."

Mwisho wa mwezi ndugu zangu wakafika. Kalenga alikuwa mlangoni: kofia nyekundu, suti nyekundu, soksi nyekundu, uso umekunjamana.

Mjomba wangu akaninong'oneza, "Huyu ndiye askofu wao?"

Nikamwambia ndiyo. Mjomba akapiga magoti.

Nilichojifunza: ukiona gari liko mbele, kwanza uliza liko mzunguko wa ngapi. Na matokeo usiyapokee kutoka kwa shabiki wa upande wa pili.

Walioposa kwa njia za ajabu kuliko hii, jukwaa ni lenu, nasoma zote. Ila mjomba bado hajui, kwa hiyo kama kuna mtu wa Mbeya humu, tafadhali.