Mlango wa Matroni Gaudencia

Matroni Gaudencia alikuwa akibisha kila mlango, hata wa stoo yake mwenyewe aliyojua haina mtu. Sisi wasichana wa bweni tulimcheka. Sicheki tena.

Mwaka wa 1954 nilikuwa karibu kumaliza chuo cha ualimu nje ya Nyeri. Kwetu, mahali paitwapo Wamagana, askari wa serikali ya kikoloni walikuwa wamechoma nyumba zetu na kuturundika katika kijiji kilichozungukwa na handaki, nalo lilichimbwa na mama zetu. Homgadi, Wakikuyu wenzetu waliopewa bunduki na serikali, waliingia kibanda chochote, saa yoyote. Bwenini nilikuwa na kitanda changu, taa hadi saa tatu, na mlango ambao mwanamume hakuupita bila kubisha na kujibiwa na Gaudencia. Siku hizi, tuliosoma pale tukikutana, wenzangu hulisifu bweni kwa kutufunza kutandika na kuamka mapema. Hunikasirisha. Bweni lilitupa mlango.

Agosti mkuu wa chuo alitangaza kwamba bweni lingefungwa wiki tatu lipakwe chokaa. Wasichana wa magharibi walipewa tikiti za treni. Sisi Wakikuyu kumi na mmoja tulijua kwamba ukirudi kijijini, chifu hakupi pasi ya kutoka tena. Masomo yangeishia hapo.

Gaudencia, Mluhya wa Kakamega asiye na ndugu hapa, alitupaka usoni dawa ya rangi ya waridi, akatundika kitambaa cha manjano mlangoni, akaandikia ofisi: tetekuwanga, mtu asiingie wala asitoke.

Homgadi mmoja, Ngatia, alikuja na bunduki kutupeleka kijijini.

"Mama, kwani hawa ni watoto yako?"

"Wako kwa bweni yangu. Umebisha?"

"Ati nibishe?"

"Bisha, uingie, ujikune mpaka Krismasi."

Akarudi nyuma.

Muhula ulipofunguliwa, mkuu alitukagua, asione kovu hata moja. Sisi alituacha, maana shule zilikosa walimu. Lakini Gaudencia alifukuzwa asubuhi hiyohiyo, mbele yetu, kama mwizi. Hakuna mwalimu aliyefungua mdomo. Wala mimi sikuufungua, na hilo sijajisamehe.

Nilimbebea sanduku hadi langoni, nikaanza kulia. Akaninyang'anya.

"Unalia nini, na kitanda uko nayo? Rudi ndani. Na ufunge mlango."