Uso wa Babu Jikoni kwa Mama

Wasomaji wapendwa, mtanivumilia kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa maneno ambayo herufi zake nimezikosea. Niliishia darasa la nne, na ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Mkono wangu ulianza kuchora kabla ya kuandika, na kuchora kwenyewe nilikuwa sikujui, kama mtakavyoona.

Kila ninaposikia harufu ya gunzi la muhindi likifuka moshi, nairudia Ilomba, nje ya mji wa Mbeya, miaka ya hamsini ilipoanza, yapata miaka kumi na mitano sasa. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu ulikaa shambani mpaka jua lilipopanda sana, na ngozi ya mikono yetu ilipasuka kama udongo wa ukutani. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, mwenye haya kiasi kwamba wageni wakija nilikaa nyuma ya ghala mpaka waondoke. Huko nyuma ya ghala ndiko nilikochorea. Kaa la gunzi lilichora laini lakini lilisagika vidoleni. Kaa la mkaratusi lilikuwa gumu, likikwaruza karatasi na kuitoboa. Karatasi zangu zilikuwa zile za kahawia za kufungia sukari. Mama alizifungua taratibu, akalamba punje zilizobaki kwenye mikunjo, akazinyoosha kwa kiganja na kuniwekea juu ya mtungi.

Shuleni mwalimu alitufundisha kuchora kwa rula: sanduku, meza, nyumba yenye dirisha moja. Hakuna aliyeniambia pua hutokaje usoni mtu akikutazama. Watu wangu wote walikuwa na macho ya mbele na pua ya kando, na vidole vyao vilikuwa kama meno ya reki. Kaka yangu Ambakisye aliokota karatasi moja akaizungusha uwanjani akipiga kelele, "Jamani, njooni muone mizimu ya Tusajigwe!" Tangu siku hiyo sikumwonyesha mtu picha zangu isipokuwa mama.

"Huyu mbuzi mbona amevaa koti?" mama aliniuliza mara moja.

"Mama, huyo ni baba."

"Basi mfiche haraka, asije akatufukuza tukalala nje."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, nami nikacheka, maana kicheko chake hakikuniumiza. Aliitazama tena ile picha, akaweka kidole kwenye sikio nililochora, akasema, "Ila sikio ni lake." Maneno kama hayo yalinitosha wiki nzima.

Nilitaka kitu kimoja tu, kumchora yeye. Nyumbani kwetu hapakuwa na picha ya mtu yeyote iliyopigwa kwa kamera. Lakini mama hakuwa mtu wa kukaa. Asubuhi jembe, mchana maji na kuni, jioni jiko, na mdogo wetu mgongoni siku zote. Alipoketi kupukuchua maharage aliinama, nikawa naona kilemba tu. Nilipomsihi atulie alisema, "Nichore nikilala, ndipo huwa natulia." Nilijaza karatasi kwa wanawake ambao hakuna aliyewajua. Nikaona kwamba nikipata kwanza mtu wa kukaa kimya nijifunzie, nitarudi kwa mama mkono ukiwa umekomaa.

Mtu huyo akaja. Babu yangu, mzazi wa baba, aliletwa kutoka Rungwe akiumwa mguu ili atibiwe hospitali ya Mbeya. Hakulala kwetu. Sisi ni Wanyakyusa, na kwa desturi yetu mwanamke hamtazami baba wa mume wake, wala halitamki jina lake, wala hakai penye paa moja naye. Akimwona njiani hujifunika kichwa na kuingia majanini mpaka apite. Baadhi ya wanawake wa kanisani walikuwa wameanza kulegeza, lakini mama alishika desturi hiyo kwa moyo wote, na aliiona kuwa ndiyo heshima yake. Kwa hiyo babu alilazwa kwa jirani, ng'ambo ya shamba letu, na mama akaacha njia ya kawaida ya mtoni akawa anazunguka kwa nyuma. Alimpikia vizuri kuliko alivyotupikia sisi. Ndizi alizichagua moja moja. Akinipa chungu aliniambia, "Mpelekee mgonjwa," bila kumtaja.

Babu alikaa nje kutwa, akiota jua, mguu juu ya gogo. Sikuwahi kuona mtu anayetulia namna ile. Jua lilimpiga upande mmoja, upande wa pili ukabaki gizani, na kwa siku nyingi nilichora nikafuta, nikachora nikafuta, mpaka nilipoona kwamba pua haina mstari. Kilichopo ni kivuli chake. Nikaacha kuchora pua nikachora kivuli, na pua ikatoka yenyewe. Nikamsogelea babu karibu zaidi.

"Unanihesabu mikunjo?" aliniuliza.

"Nakuchora, babu."

"Haya. Ila meno usiyatafute, yalibaki Rungwe."

Siku picha ilipokwisha aliishika karibu na macho, kisha mbali. Akajipapasa shavu kana kwamba anahakikisha. "Ndaga," akasema, yaani asante. Nikaichukua nikakimbia nayo. Nilikimbilia nilikokimbilia siku zote nikiwa na picha, wala sikuwaza jingine.

Mama alikuwa anasonga ugali. "Mama, tazama, leo si mbuzi!" Aligeuka tayari akicheka, akaitazama. Kicheko kikakatika. Aliachia mwiko, akavuta kanga kichwani mpaka kidevuni, akatoka kwa mlango wa nyuma ameinama, mtoto mgongoni, akapotelea kwenye mabua ya mahindi. Nilibaki nimesimama na karatasi mkononi, ugali ukiungua, na hapo ndipo nilipoelewa. Uso ambao mama aliukwepa tangu alipoolewa, nilikuwa nimeuleta mpaka kwenye mafiga yake.

Baba hakunipiga. Aliitazama picha kwa muda, akaikunja. "Kuku wako, ng'ombe wako, mlima uko pale," alisema. "Umekosa cha kuchora mpaka umlete baba jikoni kwa mkamwana wake?" Akaenda kumrudishia babu.

Mama alirudi jua linazama, baada ya Ambakisye kutumwa kumwambia kwamba karatasi haimo tena. Hakunigombeza. Nilimuuliza amejuaje kuwa ni babu, na yeye hajawahi kumwona.

"Baba yako yumo mle, amezeeka," alisema. Kisha akaongeza, "Umechora vizuri, mwanangu. Ungekosea nisingekimbia."

Sijasifiwa hivyo tena. Lakini tangu siku hiyo nilipomwendea na karatasi hakugeuka. Aliuliza kwanza akitazama moto, "Ni nani huyo?" na sauti yake ilikuwa na woga. Sikuweza kuuvumilia. Nikaacha nyuso, nikachora vyungu na kuku, vitu visivyomkimbiza mtu. Nilijiambia mama nitamchora baadaye, woga ukimtoka. Babu alipona akarudi kwao, na hadi leo yu hai. Mama alifariki masika yaliyofuata, kwa homa ya uzazi, na mtoto aliyemzaa naye. Wakati wa kumuaga nilijisogeza nimtazame ili nimshike kwa macho. Shangazi akaniziba macho kwa kiganja, akasema mtoto haangalii.

Sasa nimeolewa Kihesa, hapa Iringa, kwa Wahehe. Baba mkwe wangu huingia jikoni mwenyewe asubuhi, hunisalimu, "Kamwene, mwanangu," nami humpa chai mkononi na kumtazama usoni. Mwanzoni niliinamisha uso. Siku hizi ni jambo la kawaida, na mara nyingine nikimmiminia chai namfikiria mama, aliyezunguka kwa nyuma akiwa na mtungi kichwani kwa ajili ya heshima. Penseli ninayo, karatasi nyeupe zinauzwa dukani, na mkono wangu ni mzuri kuliko ule wa nyuma ya ghala. Mume wangu hunisifu mbele ya wageni. Lakini nikikaa kumchora mama, kwenye karatasi anatoka Ambakisye, au natoka mimi. Kanga aliyojifunika siku ile naweza kuichora mkunjo kwa mkunjo. Chini yake sioni kitu.

Ndugu wasomaji, pengine yuko miongoni mwenu aliyewahi kuchora mtu ambaye hayupo tena wala hakuacha picha. Kama yuko, naomba aniandikie kupitia gazeti hili, anieleze alianzia wapi, machoni au mdomoni. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.