Klachi Iliyokazwa na Fundi wa Pikipiki

Saa mbili asubuhi, kandokando ya barabara ya Sake, karibu na ziwa la Lac Vert, viungani mwa Goma, mashariki mwa Kongo, Muzee Cirimwami anapiga magoti mbele ya msumeno wa injini uliowekwa juu ya jiwe jeusi. Msumeno una miaka arobaini na kitu. Rangi imebanduka yote. Anaunusa kwanza, kama mtu anayenunua samaki.

"Hii mashini ililala mu udongo," anasema.

"Miaka mbili," anajibu mwenye nao. "Tuliizika ku shamba ya ndizi, siku ile tulikimbia vita. Mashini tuliizika. Baba-mukwe, hatukupata hata wakati ya kumuzika."

Huyo ni Emerance, mkulima kutoka milima ya Masisi, mama wa watoto wanne. Watu humwita Mama Bénita, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Aliishi kambini pale Goma hadi wakubwa walipoamua kwamba kambi zimekwisha. Watu walipewa siku chache wafungashe. Waliambiwa warudi kwao. Watalala wapi huko kwao, hilo hakuna mkubwa aliyelisema.

Kwao hakukuwa na nyumba tena. Mabati yalikuwa yameng'olewa, milango imechomwa kuni. Kilichobaki ni mikaratusi kumi na tano aliyoipanda baba mkwe, na msumeno wake chini ya migomba. Mbao za miti hiyo zinatosha nyumba ya vyumba viwili. Lakini miti haingoji. Watu wenye bunduki wameshakata mitatu kwa ajili ya makaa, wala hawakubisha hodi. Mume wake, Landry, amebaki kuilinda iliyosalia. Ataikinga kwa silaha gani? Kwa maneno tu.

Basi yote yamesimama juu ya kipande kimoja cha chuma kisichozidi kiganja: klachi, ambayo hapa wanaiita ambrayaje. Ndiyo inayoshika mnyororo ukazunguka. Imeganda, na bila kuitoa, huwezi kufika kwenye beringi iliyoliwa na kutu.

Kutu peke yake lingekuwa jambo dogo. Kabla ya kufika Goma, msumeno ulipitia kwa fundi mmoja wa Sake. Fundi wa pikipiki. Klachi ya pikipiki hufunguliwa kwa kuzungushwa kushoto. Ya msumeno huu hufunguliwa kwa kuzungushwa kuume. Yule bwana alichomeka bomba la mita nzima kwenye ufunguo wake, yaani spana, akavuta kushoto. Kila alipodhani anafungua, alikuwa anakaza.

"Walivuta batu wawili," Emerance anasimulia. "Jasho inatoka. Mimi niko pale, nawaletea maji. Nikawapatia na ndizi!"

"Uliwapatia ndizi ili wapate nguvu ya kuua mashini yako," anasema Cirimwami.

Mama anacheka kidogo, halafu anaacha.

Cirimwami ana miaka sitini na tatu. Alizaliwa upande wa Bukavu na kujifunza kazi hii kwenye kiwanda cha mbao ambacho leo ni kichaka. Zamani barabara hii ilikuwa na mafundi sita wa misumeno. Wawili wamekufa, watatu wamehamia kwenye pikipiki, na huwezi kuwalaumu. Pikipiki huharibika kila siku. Misumeno, yeye anapata minne au mitano kwa mwezi, dola kumi kila mmoja mteja akiwa nazo. Ushuru wa kibanda anautoa kila asubuhi, kazi iwepo isiwepo.

Ofisi zinazotoa vibali vya kupasua mbao zimebadilisha mabosi mara nyingi. Kila bosi mpya alikumbuka kutoza. Hakuna aliyekumbuka kufundisha hata kijana mmoja namna ya kufungua klachi.

"Wao wanajua kuhesabu mashini," anasema Cirimwami. "Kutengeneza, hapana."

Kwa saa tatu klachi imekunywa mchanganyiko wa mazutu, yaani dizeli, na mafuta ya taa. Sasa Cirimwami anatoa buji, ile plagi ya kuwashia, anachungulia ndani ya silinda kwa tochi ya simu, anasogeza pistoni mpaka ifunike tundu la moshi. Kisha anachukua kamba ya nailoni na kuanza kuisokomeza ndani kupitia tundu la buji, kidole kwa kidole.

"Muzee, sasa unafunga mbuzi mu mashini?"

"Ndiyo, pistoni njo mbuzi yenyewe, Mama Bénita. Nikiiacha bila kamba, nikivuta itazunguka na mimi. Batu wengine wanaweka bisibisi. Bisibisi inatoboa. Kamba haina ubaya na mutu."

Anatoa nati nzito kwenye jiko la makaa kwa koleo na kuilaza juu ya klachi. Moshi wa mafuta unapanda. Akizidisha moto, sili iliyo nyuma, mpira unaozuia mafuta yasivuje, itayeyuka, na sili ya msumeno wa umri huu haipatikani Goma wala ng'ambo ya mpaka. Anahesabu kimya, midomo ikitikisika, halafu anaiondoa ile nati kwa koleo.

"Shika. Weka magoti yote juu yake."

Emerance anaukandamiza msumeno kwenye jiwe kwa uzito wake wote. Fundi anavuta kuelekea kuume. Hakuna kitu. Anavuta tena. Anapiga mpini wa ufunguo kwa nyundo, pigo moja kavu.

Kinasikika kitu kama mfupa unaokatika.

"Imevunjika?" Emerance anauliza. Fundi anaweka nyundo chini. "Muzee, nakuuliza. Imevunjika?"

Anazungusha klachi kwa vidole, polepole, mpaka itoke. Anaielekeza juani, kisha anainamia mhimili ilikokuwa imefungwa. Anapitisha ukucha.

"Haikuvunjika. Lakini nyuzi za kukazia zimeliwa. Zimebakia tatu tu zenye afya. Bomba ya yule rafiki yako wa ndizi."

Nyuzi tatu zinaweza kuishika klachi, anaeleza. Mara moja. Atakayeikaza tena kwa upande usio wake atazimaliza, na msumeno utakuwa chuma cha kuuza kwa kilo.

"Miti kumi na mbili itaweza?"

"Kama Landry hailazimishi, itaweza. Sikuapii."

Beringi anayo, aliitoa kwenye msumeno uliokufa. Saa saba klachi imerudi mahali pake. Injini inakohoa mara nne, inawaka, mnyororo unazunguka. Emerance hashangilii. Anauliza tu barabara ya Sake ina vizuizi vingapi leo.

Cirimwami anachukua msumari na kuchora mshale kwenye chuma, pembeni ya klachi, unaoelekea kuume. Anaurudia mpaka ung'ae. Anasema kuanzia leo ataweka alama hiyo kwenye kila msumeno utakaopita mikononi mwake, maana macho yake yana ukungu na hakuna anayemrithi.

"Mutu yeyote akishika ufunguo, umuonyeshe hii kwanza. Hata akikuambia yeye ni fundi. Hata akiwa na bunduki."

"Mwenye bunduki ataangalia mshale?"

Muzee anafuta mikono.

"Basi Mungu akusaidie umalize kupasua mbao mbele hajafika. Mama Bénita, miye nakuombea tusionane tena."