Mashine Iliyogoma Kuzimika

Miaka ile ya vita niliichukia kompyuta yetu kuliko nilivyowachukia wanajeshi. Mwanajeshi ukimtukana utajuta, lakini kompyuta niliitukana nilivyotaka, na mume wangu alicheka akisema kwamba mwanamke wa Butembo akikosa mteja wa kugombana naye sokoni, atagombana hata na kabati.

Lilikuwa sanduku kubwa lenye rangi ya mfupa, nimelisukuma ndani ya stoo karibu na gunia la mchele, kwa sababu stoo haikuwa na dirisha na mpita njia asingeliona. Tulilinunua pamoja na dogo lake kwa ofisi moja ya mjini Kisangani iliyofungwa wenyewe walipokimbia. Ile kubwa niliifanya ghala. Chochote tulichotaka kisipotee kiliwekwa humo: picha, nyimbo, sauti za watu. Ile ndogo ilikaa sebuleni, na waya uliopita chini ya mlango uliiwezesha kuchota vitu kutoka kwenye ghala. Nilikuwa nimesoma kazi hiyo kabla ya vita, na sikuwa na kazi nyingine. Majirani waliniletea kanda zao ambazo zilianza kuchakaa, nami nikahamishia sauti zao humo.

Sauti iliyotuuma sisi wenyewe ilikuwa ya Papa, baba wa mume wangu. Alikuwa ameteremka mto hadi Yanonge kwa watu wake kutafuta samaki, na akiwa huko mto ukafungwa. Upande mmoja askari hawa, upande mwingine askari wale, na pirogi, mitumbwi yetu, hazikupita isipokuwa kwa wizi. Kwa wizi huohuo alitutumia kanda, imefichwa ndani ya mzigo wa samaki wakavu. Alisema polepole, kama kawaida yake, akimsalimia kila mtu wa nyumba kwa zamu na kumuuliza habari za mwili wake. Baadaye watu waliotoka huko wakatuambia kwamba homa ilimuua na kwamba alizikwa kulekule.

Mama mkwe wangu aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ninyi mliona kaburi?"

Hawakuliona. Waliambiwa tu.

"Bon. Basi mimi niko naye hapa, iko anasema kila siku." Akarudi kuponda lituma yake ya ndizi. Matanga hayakufanyika. Nani angemlazimisha?

Kanda yenyewe ilitafunwa na redio muda mfupi baada ya mimi kuinakili kwenye ghala, ambako Mama aliisikiliza kila siku kupitia ile ndogo ya sebuleni. Kisha wanajeshi wakaingia na kuichukua hiyo redio, na majirani waliobakiwa na redio walizificha na kuapa kwamba hawajawahi kuwa nazo. Kwa hiyo sikuwa na njia ya kuirudisha sauti kwenye kanda nyingine. Disketi nazo zilikuwa vijiko, na sauti ile ilikuwa ndoo. Papa alibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku lile.

Na sanduku lile halikutaka kuzimika.

Umeme wetu ulitoka kwenye maporomoko ya Tshopo, na siku hizo uliondoka bila kuaga. Tulikuwa na onduleur, ile betri ya akiba ya mashine zote mbili, inayolia pii, pii, pii umeme ukikatika, ili upate nafasi ndogo ya kuzima mashine kwa adabu. Naam, niliiamuru izime. Ikaandika kwa Kifaransa kwamba nisubiri kidogo. Nikasubiri. Onduleur ikalia, sauti ikakonda, betri ikafa, na mashine ikafa nayo, kama mtu aliyepigwa rungu akiwa bado anavua viatu. Umeme uliporudi ilijikagua kwa muda mrefu na kila mara ilikuta jeraha jipya. Nyimbo za harusi ya jirani mmoja ziligeuka kuwa mchakacho wa mafuta kikaangoni. Niliogopa. Nilijua kwamba siku moja jeraha litampata Papa, na mimi ndiye nitakayemwambia Mama.

Nikaanza kuitibu. Nikafungua sanduku na kulipangusa vumbi la unga. Nikabadilisha waya wa umeme, nikaondoa kipande cha kuchapishia, nikatoa programu moja baada ya nyingine, hata ile ya kuwinda virusi. Nikaweka upya mfumo wote kutoka kwenye kisahani kilichokwaruzika, kwa uangalifu nisije nikakanyaga mahali Papa alipo. Mara inazimika vizuri, nami naimba. Kesho yake inagoma tena. Mume wangu akasema labda imerogwa. Nikamwambia aliyerogwa ni yeye, anayekula chakula cha mwanamke mwenye hasira na hana wasiwasi.

Kilichonisumbua ni kwamba haikuwa na mpango. Iliniudhi hasa siku ambazo sote tulikuwa nyumbani. Jumapili, tulipotoka misa na kuikuta imekaa peke yake, ilizimika kama mtoto mwenye heshima.

Alasiri moja niliingia sebuleni kutafuta bisibisi. Kompyuta ndogo ilikuwa imefunikwa kitenge, kama ilivyofunikwa sikuzote Mama akishamaliza kusikiliza. Nikaegemea mkono juu yake. Ilikuwa ya moto. Nikafunua kitenge. Kioo kilikuwa kinawaka, na ule mstari mdogo unaoonyesha sauti inavyokwenda ulikuwa unatambaa. Spika zilikuwa zimenyongwa mpaka mwisho. Nikazifungua kidogo, na Papa akasikika anamuuliza binamu fulani kama goti limepona.

Kumbe! Kila nilipoliamuru ghala kulala, sebuleni kulikuwa na mtu ameshika mlango wake. Lilisubiri faili la Papa lirudishwe, kwani lilikuwa bado linatumika, na lingesubiri mpaka kiama. Nami kutwa nzima nilikuwa napasua sanduku la stoo, wala sikutazama kile kilichofunikwa.

Nikamwita kwa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitwa nayo. Mama akaja, mikono kijani ya pondu, yale majani ya muhogo.

"Mama, ukimaliza kusikiliza, si nilikuonyesha pa kubonyeza?"

"Ulinionyesha."

"Sasa mbona hubonyezi?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyelelewa. "Bokilo, mukwe wangu, Papa hayamaliza kusema. Nitamukata maneno namna gani?"

Akanieleza bila haraka. Chungu kikiita, au jirani akibisha hodi, anapunguza sauti, anamfunika Papa ili aseme kwa amani, anakwenda kwenye kazi zake. Akimaliza, amemaliza. Kwao mtoni mwanamume akiwa anatoa salamu hakatizwi. Chakula kitapoa, mvua itanyesha, mtasubiri. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumkata mumewe neno. Aanze leo, wakati mwenyewe yuko mbali?

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga ukuta. Nikafika katikati, nikakaa chini. Nikamweleza kwamba kila tunapozima hivyo Papa anaumia kidogo, na kwamba siku moja hatutamkuta. Hilo alilielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Tukakubaliana: asikilize pale tu ambapo ana nafasi ya kumsikia mpaka salamu ya mwisho, nami nisizime chochote kabla. Tangu siku hiyo ghala lilizimika vizuri. Nilijisifu mbele ya mume wangu mpaka akachoka.

Kisha majeshi mawili ya kigeni, ambayo yalikuja kama marafiki, yakaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji wetu.

Ilikuwa asubuhi. Mama alikuwa amekaa mbele ya Papa, salamu ndiyo kwanza zimeanza. Mlio wa kwanza ulitoka upande wa mto na bati la paa likaruka. Wa pili ulikuwa karibu zaidi. Umeme ukaondoka, na onduleur ikaanza kulia. Mume wangu akapiga kelele kutoka barazani kwamba tulale chini, wote, sasa hivi. Mimi nilikimbilia stoo kwa magoti, nikaamuru mashine izime. Ikaandika kwamba nisubiri.

Nikarudi sebuleni. Vumbi la dari lilikuwa linamwangukia Mama kwenye kilemba naye hakuinuka. Papa alikuwa anasema kwamba samaki wa msimu huu ni wanono.

"Mama, betri inakwisha!"

Nikashika ule waya chini ya mlango ili niung'oe. Akanikamata mkono. Sikujua kwamba alikuwa na nguvu kiasi kile.

"Wewe, hapana. Ni mimi njo bibi yake."

Akauachia mkono wangu, akasogea karibu na spika, karibu sana, namna unavyomsogelea mgonjwa. Akamwita kwa jina la nyumbani ambalo sikuwahi kulisikia. Kisha akasema, "Unisamehe. Nyamaza sasa."

Akabonyeza. Papa akakatika katikati ya neno. Nikajiburuza hadi stoo, na nilipofika kioo kilikuwa kimeshazimika chenyewe, taratibu, kama nilivyokuwa nimekiomba siku zote hizo. Betri ilikuwa bado inalia. Nikajilaza karibu na gunia la mchele nikalia pia, kwa furaha na kwa hofu, sikuweza kuzitenganisha.

Siku mizinga iliponyamaza na umeme kurudi, niliiwasha. Ilijikagua, haikukuta jeraha. Nikakimbia kumwambia Mama kwamba Papa yuko salama, mzima, kuanzia salamu ya kwanza hadi ya mwisho, aje asikilize.

Alikuwa ameketi sakafuni, juu ya mkeka, nywele amezifungua, miguu ameinyosha mbele kama wanavyokaa wajane.

"Muache apumuzike," alisema. "Nenda uite watu, wakuje tumulilie."