Mpini Ulioanikwa Juani

Hadi leo nikilikumbuka lile beseni tupu, damu inanichemka.

Maabara yetu iko Gikondo, nyuma ya gereji. Tulikuwa tunatunza vitu vilivyoopolewa kwenye mashua ya mizigo iliyozama zamani katika Ziwa Kivu. Kilichonigusa zaidi ni mpini wa usukani, wa mti, umelika pale nahodha alipokuwa anashika. Nahodha alizama nayo na mwili haukuonekana. Binti yake, sasa bikizee, hana hata kaburi la kwenda. Nikamwahidi kwamba siku ya wageni kuja kuona kazi yetu naye aje, aushike ukiwa ndani ya beseni lake la maji.

Mti uliolala majini miaka yote hiyo unashikiliwa na maji yenyewe. Ukiutoa ghafla, unajikunja na kupasuka. Unauacha humohumo, nta unaiingiza kidogo kidogo, miezi na miezi. Maji yanakuwa ya kahawia, yananuka tope. Nilimweleza mkuu wetu mpaka koo likanikauka, naye akawa anaitikia tu, sawa, sawa.

Sawa wapi! Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, mimi nafyeka nyasi kwetu Rwezamenyo, yeye kaingia maabara na ndoo na sabuni. Eti wageni wa Jumatatu wasikute uchafu. Akamwaga maji, akapiga deki, mpini akausugua na kuuanika uani. Juani, jamani! Jumatatu asubuhi niliukuta umepinda, ufa umepita katikati ya ile alama ya kiganja.

Nikamwuliza kama ana akili timamu. Akanijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali! Nilitamani nimtwange na ile ndoo yake. Halafu, bila haya, akaniagiza niseme ziwa ndilo lililoupasua.

Wageni walifika, wakasifu sakafu. Bikizee naye alifika, katoka Kibuye kwa basi la alfajiri, kavaa kitenge kipya. Nikampa mpini. Kidole chake kikaufuata ufa taratibu, akauliza kama ulitoka ziwani hivi. Mkuu akanikazia macho.

"Hapana, mama," nikasema. "Ulitoka mzima. Ni sisi tuliouharibu."

Akaupakata bila kumtazama yeyote kati yetu.

"Basi mngeuacha kwa baba yangu," akasema.