Mpini wa Paluku

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, Butembo, mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la kasiksi, ile pombe ya ndizi inayowafanya watu wa mtaa wangu waone mambo. Nasema mapema kwa sababu nawajua nyinyi. Mtu akiwaambia amekutana na mfu, mnamwuliza alikunywa nini. Komanda akiwaambia risasi zinageuka maji kifuani mwake, mnampigia makofi.

Kazi yangu ni kuvika visu. Mhunzi anafua springi ya lori bovu, ananiletea kisu uchi: makali na mkia tu, yaani ile sehemu nyembamba ya nyuma inayozama ndani ya mti. Mimi natia mpini, nashona na ala. Naijua kazi hiyo na sitajifanya mnyenyekevu. Kisu cha sokoni kina mpini wa kila mtu. Kwangu mimi unashika kwanza donge la udongo mbichi, unalibana kama unavyobana kisu, unaachia. Alama ya mkono wako inabaki pale, nami nachonga mti wa kahawa nikiifuata mpaka kila kidole kipate kitanda chake.

Miaka ile ya vita mji ulijaa makomanda. Aliyeuza viatu vya mitumba jana, leo anataka kupigiwa saluti. Huyu ninayemsema alikuwa mwizi wa mbuzi kule Kayna, na kila mtu alijua. Sasa alikuwa na kundi lake la msituni, majani kichwani, miwani ya jua hata kwenye ukungu, na glavu nyeusi za sufu. Alisema glavu ni za kulinda dawa, kwamba asiyechanjwa akimgusa mkono, nguvu yote inamwagika. Sisi tulisema jingine: mwenye mbuzi mmoja alimfumania akamkata kidole. Hilo ndilo nililoliamini, na niliamini kwa raha zangu.

Vijana wake walimkamata mdogo wangu Kakule kwenye barrière, kizuizi chao cha njia ya Beni, alipokuwa akisukuma chukudu lake, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, limejaa mkaa. Mkaa ukaenda, chukudu likaenda, na Kakule akaenda kubebeshwa mizigo yao. Mama yetu aliacha kula. Ndipo komanda alipokuja kibandani kwangu na kisu uchi ndani ya kitambaa.

"Utanitilia mupini," akasema, "na ala ya ngozi ya chui. Batatugawia vyeo kule Beni, nataka bakubwa baione ku mukanda yangu. Mupini ikiingia muzuri mu mukono, petit yako Kakule anarudia nyumbani. Isipoingia, hautamuona tena. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia pia harufu ya hiyo ngozi ya chui. Ilikuwa ngozi ya mbuzi iliyopigwa madoa ya rangi ya viatu. Labda ndiye yule mbuzi wa Kayna, nani ajuaye?

Nikampa donge la udongo alibane. Akaruka nyuma kana kwamba nimempa nyoka.

"Mi hapana gusa vitu ya batu! Nitakutumia mutu mwenye mukono sawa na yangu. Anaitwa Paluku."

Sasa wewe usiye wa kwetu ngoja nikuambie. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo nyumba kwa nyumba. Simama katikati ya soko la Butembo uite Paluku, utajuta. Komanda angesema ananitumia mtu mwenye pua, ningekuwa nimeelezwa vilevile.

Nikakitazama kisu. Mkia wake ulikuwa mweusi, bado umeshika utomvu wa zamani. Kwa hiyo kilikuwa na mpini, na mpini ule haukuvunjika, ulitolewa taratibu na mtu mwenye subira. Nikacheka peke yangu. Kimeibwa, nikasema, kama kila walicho nacho watu hawa.

Kesho yake mvua ikashuka baada ya saa za chakula, na ukungu nyuma yake, ukafunga barabara. Wenye vibanda wakafunika bidhaa wakaondoka. Nainua kichwa, mtu amesimama mbele ya meza yangu. Mzee wa makamo, koti la kizamani, miguu mitupu yenye udongo mwekundu mpaka kwenye muundi.

"Karibu, papa. Uko nani?"

"Ni miye Paluku."

"Umekuya kwa kupimwa mukono?"

"Kama uko unapima, nipime."

Niambie, ungeuliza nini zaidi? Akanyoosha mkono wa kulia. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Nusura niangue kicheko. Kumbe ni kweli, nikawaza, komanda amekatwa kidole, na kwa sababu hiyo kanitafutia mwenzake wa vidole vinne! Nikampa udongo. Akaubana polepole, akauachia.

Niamini hapa, kama hutaniamini kwingine. Udongo niliompa ulikuwa unalowesha meza. Ulionirudia ulikuwa mkavu na mgumu kama uliotoka tanuruni, na baridi yake iliniuma kiganjani. Nikaugonga kwa ukucha, ukalia. Ndipo nikaona jambo ambalo macho yalikuwa yameliona zamani: nje mvua inamwagika, lakini koti lake halikuwa na tone, na ule udongo miguuni mwake ulikuwa vumbi.

Nikauliza ili nisikie sauti yangu, "Mupini ya zamani iko wapi, papa?"

Akakitazama kisu kwa muda mrefu, macho ya mtu anayemtazama ng'ombe wake.

"Mupini niko nayo. Ni kisu tu ndiyo ilibakia inje."

"Na ala? Komanda anataka ya chui."

"Ala hapana lazima. Hii ni kisu ya kazi."

Akageuka, akaingia kwenye ukungu upande wa njia ya Vuhovi. Nikajiambia amevuta bangi. Mtu wa vita akisema upuuzi, nani anashangaa?

Nikachonga. Nikapasha mkia moto, nikauzamisha kwenye mti, nikamimina utomvu, nikakaza shingo kwa pete niliyokata kwenye ganda la risasi, maana shaba nyingine haikupatikana. Mpini wangu ukishakaa hivyo hautoki, labda uupasue. Nilikuwa namaliza ala ya mbuzi yule aliyejiita chui lilipofika jitu moja limebeba bunduki, linatafuna muwa.

"Miye Paluku. Komanda amenituma kwa kupimwa."

Mikono yake ilikuwa minene, vidole vyote vipo.

"Paluku alishakuya," nikasema.

"Paluku gani?"

Jitu likakiona kisu kimekamilika, likafurahi kwamba halitachafua mikono, likatoka mbio kumwita bwana wake aliyekuwa njiani. Niliogopa. Sikumwogopa mzee, niliogopa Kakule asije akafa kwa sababu ya kidole kimoja.

Komanda akaja na kundi lake, na Kakule katikati yao, sanduku la risasi kichwani, shingo imekonda. Hakunitazama. Komanda akavua glavu ya kulia. Vidole vitano! Laini, kucha ndefu, mkono ambao haujawahi kushika jembe. Hata katika hofu ile nilivunjika moyo, nakiri.

Akashika kisu. Vidole vinne vikalala mahali pake. Cha mwisho kikakosa pa kulala, kikabaki kimesimama juu kama cha padri anayekunywa chai.

"Hii ni mukono ya nani?" akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo, mkono wake ukanyooka mbele na miguu ikaufuata. Tukadhani anatamba. Akaipita barabara ya Beni, akashika njia ya Vuhovi. Akawa anajaribu kuvibandua vidole kwa mkono wa kushoto, havibanduki.

"Komanda, tika yango!" wakampigia kelele kwa Lingala. "Iache!"

"Hainitoke! Hainitoke!"

Wao wakamfuata, Kakule akafuata na sanduku lake, nami nikamfuata Kakule. Mvua, matope, na shujaa asiyepenywa na risasi anaburutwa na kisu cha kukatia ndizi. Huko Vuhovi akaingia kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba ya nyasi, karibu na kaburi ambalo bado halijaota majani, akaanza kazi. Akakata majani makavu. Akapunguza machipukizi. Akaenda mgomba kwa mgomba, kwa ustadi wa mkulima hodari, huku analia kamasi, na yale majani yake ya vita yanamdondoka kichwani. Hakuna aliyefyatua risasi. Wangempiga nani?

Mama mmoja akatoka ndani, kitambaa cha matanga kichwani. Majirani walimwita Mama Masika.

"Hiyo kisu ni ya bwana yangu Paluku," akasema. "Mulibeba siku ya matanga. Tulimuzika na mupini yake mu mukono, vile baba zake bote. Kisu ilikuwa ya mutoto wake. Juu ya nini mulibeba?"

Komanda alikuwa anapogoa. Basi yule mama akangoja mpaka mgomba wa mwisho uwe safi, akamwendea, akamshika kifundo cha mkono kama unavyomzuia mtoto asimwage maziwa. Vidole vikafunguka. Kisu kikabaki kwa mama.

Alimgusa! Mjane, mkono mtupu, mbele ya jeshi lote. Vijana wakatazamana. Mmoja akavua majani yake kichwani akaondoka bila kuaga, mwingine akamfuata, na haukupita muda wakawa wameisha. Kakule akashusha sanduku la risasi kwenye migomba, akakaa juu yake, akaniambia mimi kaka yake, "Yaya, niko na njaa." Naye mama yetu alikula siku ile.

Kabla hatujaondoka, Mama Masika alipitisha kidole chake kwenye mpini, penye vile vitanda vinne, akajua kila kitu.

"Ulimuona," akasema. "Tulimuzika mu mvua kubwa, maji iliingia ndani. Alikuwa nasikia baridi?"

Mimi nina maneno ya kumtosha kila mtu. Siku ile nilikuwa na machache.

"Hapana, mama. Alikuwa mukavu kabisa."

Akalia, akanishukuru kwa Kinande, wasingya, wasingya, akaingia ndani.

Komanda? Alikwenda Beni baadaye, akapewa cheo. Mlitegemea nini? Lakini kile kidole cha mwisho hakikukunjika tena, na saluti zake zote anazipiga kimesimama. Mimi kila msimu wa mvua nikisahau udongo mezani, nakuta umebanwa, mkavu, vidole vinne. Siutupi. Naupanga kwenye rafu, na wateja wakiuliza nasema ni wa kupimia.

Kwa hiyo ukiniletea kisu uchi chenye mkia mweusi, nitakuuliza mpini wake uko wapi, na ukianza kubabaika, kirudishe ulikokitoa. Mtu akijiita Paluku, muulize Paluku gani, na muulize kabla hujampa udongo. Nawe unayeendelea kucheka hapo, kile kisu ulichonunua bei poa kwa mwanajeshi, nenda jikoni ukakishike tena. Kidole chako cha mwisho kimepata pa kulala?