Fyuzi ya Karatasi ya Sigara

Asubuhi hii pasi imeunguza waya, na harufu yake imenirudisha kando ya barabara ya Kajiado. Gari letu kuukuu lilikuwa limezima. Baba alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje vumbini, akipapasa nyaya. Mimi na Mama tulikuwa kiti cha nyuma, naye amempakata mdogo wangu mchanga tuliyekuwa tukimpeleka hospitali. Baba akapata fyuzi iliyoungua, akaizungushia karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Injini ikanguruma, plastiki ikaanza kunuka.

"Imeshika!" akacheka. "Tutafika sasa hivi."

Mama alikuwa amemfunika mtoto uso kwa shuka.

"Baba Watoto," akasema taratibu, "geuza turudi nyumbani Kitengela. Hakuna haraka tena."